Kupoza kompyuta kwa maji hapa Dar: busara au mbwembwe?

Kijana wa Tabata: Wakuu, nina prosesa ya AMD, Ryzen 9 7950X, nikichakata video inagonga nyuzi 95. Nataka kujifungia mfumo wa maji mwenyewe: pampu, tangi, rejeta, mipira. Nianzie wapi?

Mzee wa Feni: Hiyo AMD wenyewe wameiruhusu ifike 95, haiungui. Na maji hayashuki chini ya joto la chumba. Februari bila AC utapoza nini? Mbwembwe za watoto wa Masaki.

PampuMoja: Masaki imeingiaje? Mimi niko Mbagala na ninapoza kwa maji. Hata feni yako haishuki chini ya joto la chumba. Mleta mada, anza na mipira laini, mabomba ya kukunja kwa moto yaache kwanza. Bloku (ile inayokaa juu ya prosesa, maji yanapita ndani) ya shaba, rejeta ya shaba. Ukichanganya na alumini, alumini italiwa. Ukimaliza kufunga washa pampu peke yake, mazabodi (bodi kuu) isipate umeme, tandika tishu chini, lala. Asubuhi kagua.

Dogo Bodaboda: Maji ya betri yanafaa? Kila sheli yapo.

PampuMoja: Yale ya kuongezea, yasiyo na chumvi, sawa, ila utie dawa ya kutu na ya ukungu. Siyo asidi.

Mzee wa Feni: Haya, sasa tunamimina asidi kwenye kompyuta 😂

PampuMoja: Nimeandika SIYO. Vaa miwani babu.

Mzee wa Feni: Babu yako! Nafunga mashine Kariakoo tangu enzi za Pentium, wewe unajua shaba ya sufuria.

Msomaji Kimya: Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), weka Eco Mode ya kubana umeme, prosesa ishuke kutoka wati 170 hadi 105. Joto linapungua sana, kasi inapungua kidogo. Bure.

Dogo Bodaboda: Umeme ukikatika maji si yanamwagika?

Wa Makambako: Pampu inasimama, mashine inazima, basi. Huku kwetu Julai tunatafuta cha kuipasha moto 😅

Kijana wa Tabata: Jamani, rejeta ya milimita 240 au 360?

Mzee wa Feni: Muulize bilionea wa Mbagala.

PampuMoja: 360, kama inaingia kwenye kasha lako. Pima kabla ya kununua.

Mzee wa Feni: Yako iko wapi? Weka picha tuone.

PampuMoja: Weka kwanza leseni ya hilo duka la Kariakoo.