Tupeane uzoefu: mliopiga mamogramu (picha ya matiti ya kutafuta saratani) mkiwa wazima, hamna dalili yoyote, ilikuwaje?

MAMA WA GOBA
Wadada na mama zangu, habari za Jumapili. Kila Oktoba tunavaa riboni za pinki, tunatembea asubuhi, tunajipiga selfi, tunarudi nyumbani. Ile picha yenyewe ya matiti wengi wetu hatuigusi. Naomba tupeane uzoefu, hasa ninyi mliokwenda hamuumwi chochote. Aliyekwisha kushika uvimbe habari yake ni nyingine, huyo asisubiri uzi huu, aende hospitali kesho.

Naanza mimi. Nilikuwa na miaka 47, bima ya kazini inalipia, dada mmoja wa ofisini akanivuta twende wote. Sina kivimbe, sina maumivu, chuchu haitoi majimaji. Unavua juu, titi linalazwa kwenye sahani ya mashine, sahani nyingine inashuka na kulibana mpaka linakuwa bapa, unaambiwa usipumue, mashine inalia, kwisha. Halafu tena kwa ubavuni, mkono umeinuliwa, mpaka sehemu ya kwapa iingie. Kila titi picha mbili. Inauma? Inabana, na nilikunja uso. Lakini ni sekunde chache, na aliyewahi kunyonyesha mtoto anayeota meno hana la kuogopa pale.

Majibu yakasema titi la kulia lina chembe ndogo za chokaa zilizojikusanya sehemu moja. Daktari alinipapasa kila upande, hakukuta kitu. Nikapigwa picha za kukuza, kisha wakachukua kinyama kwa sindano. Maabara wakajibu: saratani, ila iko bado ndani ya mirija ya maziwa, haijatoboa kwenda nje. Siku ya upasuaji, kwa kuwa hakuna kinachoshikika kwa mkono, walipitisha kwanza waya mwembamba ndani ya titi huku wakiangalia picha, ili daktari ajue akate wapi. Titi ninalo mpaka leo, lina kovu tu. Mionzi nilipata Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kisha vidonge vya tamoxifen, vya kuzuia saratani isirudi, vya miaka mitano. Kemo sikuhitaji.

Kwenye benchi la kusubiri mionzi nilikaa na wenzangu waliofika titi limeshakuwa kidonda, wengine wadogo kwangu kwa umri. Hatukutofautiana kwa ucha Mungu wala kwa lishe. Mimi niliwahi kuonekana, basi. Karibuni.

MZARAMO HALISI
Pole na hongera dada. Mimi sina hadithi. Nimepiga, majibu safi, nikapita kula chipsi. Naandika tu ili watu wajue kwamba wengi wetu ndivyo inavyoishia.

SHANGAZI WA MOSHI
Mie nataka kuongelea kurudia, maana watu wanapiga mara moja wanadhani wamemaliza. Picha ya pili nilipiga hospitali tofauti na ile ya kwanza. Msomaji akaona doa upande wa kushoto, ripoti ikaandikwa BI-RADS 0 (BI-RADS ni namba wanazopangia majibu ya picha za matiti). Nilipoona sifuri nikajua mambo mazuri, kumbe maana yake hawajaweza kuamua, wanahitaji picha zaidi au za zamani. Wakaniuliza, mama, ya kwanza unayo? Nilikuwa nayo, nimeiweka sandukuni chini ya vitenge pamoja na hati ya shamba. Nikairudia nyumbani. Wakaziweka mbili pamoja kwenye mwanga: doa ni lilelile, mahali palepale, ukubwa uleule, miaka imepita. Nikaambiwa nenda zako mama, hilo ni lako la siku zote. Sindano sikuchomwa.

Sasa jirani yangu naye alikutwa na doa dogo kuliko langu, ila kwenye picha yake ya nyuma halikuwepo. Yeye ndiye aliyepelekwa kuchukuliwa kinyama, na ilikuwa saratani. Kwa hiyo picha moja inasema kidogo. Ni ile ya pili na ya tatu ndizo zinazoonyesha kilichobadilika. Tunzeni filamu zenu, na kama ni CD iandike tarehe kwa kalamu ya wino.

MTU WA MIONZI
Shangazi umenimaliza maneno. Mimi kazi yangu ni kupiga hizo picha, niongeze machache.

Siku unayokuja usipake deodoranti, poda wala losheni kwapani na kifuani. Baadhi zina chembe za alumini, na kwenye picha zinaweza kufanana na chokaa aliyoieleza Mama wa Goba. Tunaishia kukurudisha bafuni na kupiga upya. Kama bado unaona siku zako, njoo wiki inayofuata hedhi, titi linakuwa limelegea na haliumi sana. Na kubana hakuna ukatili: titi likiwa bapa, nyama hazifunikani, picha haichezi, na mionzi inayotumika ni kidogo.

Wanaoogopa mionzi: dozi ya kupiga matiti yote mawili ni kama ile anayoipata binadamu yeyote kwa kuishi tu, kutoka ardhini na angani, kwa takriban wiki saba.

BINTI WA BUBUBU
Asalaam alaykum. Mie nina miaka 28, nilishika kitu kama gololi, ukikigusa kinakimbia. Bibi akasema chango, akanichemshia mizizi. Mama akanipeleka hospitali, nikaomba mamogramu kwa kuwa ndiyo nayoisikia, wakanikatalia! Wakanipiga ultrasaundi, wakachukua kinyama. Ni kivimbe cha kawaida cha wasichana, si saratani. Lakini kwa nini walininyima?

MTU WA MIONZI
Hawakukunyima, mdogo wangu. Titi la msichana limejaa tezi, mafuta machache. Kwenye mamogramu tezi huonekana nyeupe na uvimbe nao mweupe, kwa hiyo kimoja kinafichwa na kingine. Ultrasaundi inatenganisha vizuri zaidi kwa umri wako. Isipokuwa kama mama au dada yako alipata saratani ya matiti akiwa kijana, hapo mweleze daktari mapema, ratiba yako inaweza kuanza kabla ya wenzako. Lakini wasio na historia nao wasijione wamepona: saratani za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya zote za matiti.

MAMA KISAUNI
Mimi niko Mombasa. Niseme upande ambao hausemwi: kuitwa tena. Nilipigiwa simu Ijumaa jioni, "madam, rudi Jumatatu tuongeze picha." Hiyo wikendi wallahi sikulala. Nilishagawa dhahabu zangu kichwani, huyu binti bangili, yule mkufu. Jumatatu wakapiga, wakaongeza ultrasaundi, kumbe kifuko cha maji tu. Nilikasirika kwa namna nilivyoambiwa, si kwa kipimo. Kuitwa tena hutokea sana na wengi wetu tunakutwa hatuna kitu, lakini mtu angenieleza hilo mapema ningelala. Nitarudi mwakani, in shaa Allah.

MBOGAMBOGA WA LEICESTER
Huku Uingereza barua inakuja yenyewe nyumbani, kila miaka mitatu, kuanzia umri wa miaka 50 mpaka ukaribie 71. Mtaani kwetu linakuja trela linaegeshwa kwenye maegesho ya duka kubwa, unaingia na mfuko wako wa vitunguu, unatoka. Dada yangu yuko Minnesota, Marekani, kule jopo lao la wataalamu lilisema mwaka 2024 waanze miaka 40, kila miaka miwili, hadi 74. Kila nchi na hesabu zake, kwa sababu ukianza mapema mno na kurudia mno, wanaitwa watu wengi bure, na kuna saratani ndogo zinazotibiwa ambazo huenda zisingemdhuru mtu maisha yake yote. Muulizeni daktari wenu, msichukue ratiba ya binamu wa ughaibuni mkaifanya yenu.

SIJARIDHIKA
Naomba na mimi nisikike. Dada yangu alipiga, majibu safi. Haukupita mwaka akiwa anaoga akakuta uvimbe. Ndugu wakamwambia tulia, si ulipima juzi? Yeye hakutulia, akaenda. Ilikuwa saratani, hatua ya pili. Ametibiwa, yupo, anauza vitumbua vyake kama kawaida. Lakini nyumbani wakisikia mtu anasifia mamogramu wananiangalia mimi.

MTU WA MIONZI
Dada yako alifanya sawasawa kabisa. Mamogramu hukosa takriban saratani moja kati ya nane, hasa kwenye matiti yenye tezi nyingi, na nyingine huota katikati ya picha mbili. Majibu safi ni ya siku ile. Uvimbe mpya, ngozi kuvutika ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kugeuka au kutoa damu: hapo hakuna cha kusubiri tarehe ya picha ijayo.

BABA MAPACHA
Samahani kuingilia baraza la kina mama. Mke wangu ana miaka 50, hataki, anasema hawezi kumvulia mwanamume. Na pili, sisi tuko wilayani, mashine mpaka mkoani.

MAMA WA GOBA
Karibu baba, wala hujaingilia, kuna wanaume nao hupata saratani hii ingawa ni wachache. La kwanza: apige simu kabla, aombe mpiga picha mwanamke, ni haki yake. La pili ndilo gumu, na sitaki kukudanganya. Mashine ni chache na nyingi ziko mijini. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, walipotangaza mpango wao wa mwaka 2021, hawakuanza na mashine. Walisema angalau asilimia 60 ya saratani za matiti zikutwe hatua ya kwanza au ya pili, na mtu akifika na dalili majibu yatoke ndani ya siku 60. Kwa hiyo mkiwa huko wilayani, aanze na kupimwa kwa mkono na muuguzi au daktari kituoni, hiyo haihitaji umeme. Safari ya mkoani mnaweza kuipangia, ikae kwenye bajeti kama ada ya shule. Na wewe uende naye. Mume akiwa nje ya mlango, mengi ya kuogopa hupungua.

SHANGAZI WA MOSHI
Avae sketi na blauzi, baba, si gauni. Pale anavua juu tu.

BABA MAPACHA
Asante shangazi. Hilo la gauni nadhani ndilo litakalomshawishi kuliko yote.