Hanayashiki na Cosmo World kwa siku moja, inawezekana?

Kibiriti: Wakuu, nitakuwa Tokyo katikati ya Januari na nina siku moja tu ya rola kosta (vile vitreni vya michezo vinavyopanda na kuporomoka kwa kasi). Bustani kubwa za michezo zenye foleni ndefu sizitaki. Nimepanga bustani mbili ndogo: Hanayashiki asubuhi, Cosmo World ya Yokohama jioni. Muda unatosha? Na nikate pasi au nilipie kila mchezo?

Mzee wa Reli: Unatosha, ila isiwe Alhamisi, siku ambayo Cosmo World kwa kawaida hufunga. Hanayashiki iko Asakusa, linakoanzia treni la chini ya ardhi la Ginza. Panda hadi mwisho wa njia, Shibuya, nusu saa na ushei. Hapo badili, chukua treni la Toyoko linalopitiliza hadi Minatomirai, kituo cha kushukia Cosmo World. Chagua la haraka, maana la kawaida linasimama kila kituo.

Hanayashiki unalipa kiingilio getini, na michezo ni hela nyingine. Kwa rola kosta mara moja au mbili, tikiti zinatosha. Pasi ni ya mtu atakayeshinda humo. Cosmo World haina kiingilio, unalipia unachopanda tu.

Swila: Usifuate mbio Hanayashiki. Rola kosta yao ni ya 1953, kongwe kuliko zote zinazofanya kazi Japani, na mwendo wake wa juu ni kilomita 42 kwa saa. Utamu wake ni kupita ukutaukuta wa majengo, karibu kiasi cha kutaka kuvuta mkono ndani. Kaa nyuma: behewa la mwisho linapofika ukingo wa mteremko, ya mbele yameshaanza kulivuta, kwa hiyo unanyanyuka zaidi kitini. Kwenye Vanish!, rola kosta ya Cosmo World, kaa mbele, uone reli inavyotumbukia kwenye shimo katikati ya bwawa.

Nati na Bolti: Mkuu, tatizo ni hiyo Januari. Mei 2007, Expoland kule Osaka, ekseli (mhimili wa magurudumu) ya rola kosta ilivunjika na abiria mmoja akafariki. Baada ya hapo kanuni zilikazwa: ekseli hupimwa nyufa kila mwaka, na kazi hiyo hula siku nyingi. Bustani nyingi huisogeza kwenye baridi, wateja wakiwa wachache. Geti linaweza kuwa wazi huku rola kosta imetenganishwa vipande kwa ukaguzi. Kwenye tovuti ya Kijapani tafuta 運休 (mchezo umesimamishwa) na 休園 (bustani imefungwa). Ukurasa wa lugha nyingine mara nyingi huchelewa kusasishwa.

Kibiriti: Na mvua?

Nati na Bolti: Breki za msuguano zikilowa hushika kidogo, kwa hiyo husimamisha mapema. Upepo nao vilevile. Asubuhi ya baridi kali grisi ya magurudumu huwa nzito na treni hukosa kasi, ndiyo maana utaona likizungushwa tupu kwanza. Utabiri ukisema mvua mchana, anza na Yokohama.

Mzee wa Reli: Ukianza Yokohama, hakikisha kwanza saa ya kufungua. Na simu usiiache mfukoni, utaambiwa uitoe kabla ya kukaa.