Mchanga wa Lwera: tumzuie nani kwanza?

Dereva wa Tipa: Naanza mimi, mnipinge baadaye. Nimebeba mchanga wa Lwera, kinamasi cha Uganda kando ya Ziwa Victoria, miaka tisa, kwa hiyo sijifanyi msafi. Kila mara nasikia watu wakidai uchimbaji upigwe marufuku kabisa. Marufuku hiyo itamshika nani? Zamani tulipakia kwa sepetu, vijana kadhaa, tipa moja, asubuhi nzima. Siku hizi mtambo unaelea majini, unanyonya mchanga kutoka chini na kuutema nchi kavu, lundo juu ya lundo. Shimo la sepetu unaliona mwisho wake. La mtambo limejaa maji, ng'ombe akitumbukia humtoi. Na msako ukija, wanaokimbia ni wa sepetu. Mtambo una karatasi zake. Mimi nasema mitambo itoke, sepetu zibaki, na wanaomwaga vifusi ziwani kati ya Kampala na Entebbe ili wapate kiwanja wafukuzwe kabla ya sisi.

Mama Duka, Kisenyi: Sepetu zibaki kwa bei gani, mwanangu? Wateja wangu huuliza "ni wa Lwera?" kabla hawajauliza bei. Ukitoa mitambo, mnaolia nyumba ni ghali mtalia zaidi.

Karani Mstaafu: Mnagombania bei, mzizi uko kwenye Katiba ya 1995. Ibara ya 244 inasema mchanga wa kujengea si madini. Basi mwenye shamba anajiona ana haki ya kuuza alichokikalia. Ibara ya 237 nayo inasema maziwa, mito na ardhi oevu serikali inavishika kwa niaba ya wananchi wote. Sasa Lwera ni shamba au ni kinamasi? Ni vyote viwili, na kila upande unakuja na ibara yake mkononi. Kwa ufuo wa Victoria hakuna utata: kanuni za mwaka 2000 zimetenga mita 200 kutoka majini. Tembeeni Munyonyo, ufuoni hapo Kampala, mpime wenyewe.

Mkulima wa Kalungu: Mzee, kanuni hazizuii maji. Mei 2023 mto Katonga ulikata barabara ya Masaka, magari yakazungukia Sembabule. Wote wakasema ni mchanga. Lakini ziwa lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja Mei 2020, rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya 1964. Mwaka ule nani alikuwa na mtambo Lwera? Mvua ni mvua.

Dereva wa Tipa: Mvua ni mvua, kweli. Lakini mwaka 1964 maji yalikuta kinamasi cha kupumzikia. Leo yanakuta mashimo upande huu na ukuta wa mtu upande ule.

Kijana wa Ntinda: Mbona Singapore wamefukia bahari mpaka nchi ikakua karibu robo? Sisi tukifukia kidogo tunaitwa wahalifu.

Karani Mstaafu: Kijana, uliza mchanga ule ulitoka wapi. Walinunua kwa majirani, mpaka Indonesia ikafunga biashara hiyo mwaka 2003. Na ile ni bahari, hawainywi mpaka waitoe chumvi. Wewe maji ya bomba lako yanavutwa Ggaba, kwenye ghuba ileile inayopokea mfereji wa Nakivubo, unaoleta maji machafu ya Kampala. Ukifukia vinamasi vilivyokuwa vinachuja uchafu, utautafuta wapi tena mchujo? Kiwanda cha maji cha Katosi kimejengwa mbali huko kwa sababu mojawapo ni hiyo.

Mama Duka, Kisenyi: Hilo la maji limeniingia. La bei bado.

Dereva wa Tipa: Mkulima, nakubali moja: si kila mafuriko ni yetu. Ila shimo lililo nyuma ya kwako, aliyelichimba amefidia nini?

Mkulima wa Kalungu: Alimlipa mwenye ardhi. Mimi ni mpangaji.

Dereva wa Tipa: Basi tuanzie hapo: mwenye kuchimba aweke dhamana ya kufukia shimo kabla ya tripu ya kwanza. Mama Duka, kesho saa kumi alfajiri ninapakia. Utachukua tipa ngapi?

Mama Duka, Kisenyi: Mbili. Za sepetu kama zipo.