Mshahara unaisha tarehe 19 na hatuna starehe yoyote. Wadau, nianze kubana wapi?

Mama Wawili (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Mimi ni wa kusoma kimya kimya, leo ndiyo mara ya kwanza kufungua uzi, nikikosea mnivumilie.

Mimi na mume wangu wote tunafanya kazi. Watoto wawili, wa miaka tisa na wa minne. Hatunywi, hatuvuti, starehe yetu kubwa ni kulala mapema. Lakini kila mwezi ikifika tarehe 19 au 20 tunaanza kutazamana. Siku kumi za mwisho tunaishi kwa mkopo wa simu, mshahara ukiingia mkopo unajikata wenyewe, na safari inaanza upya.

Jumapili nilikaa nikaandika. Sitaki kutaja hela zetu hadharani, kwa hiyo chukulieni kipato chetu chote cha mwezi ni 100. Kodi ya nyumba 30. Chakula 27. Usafiri 11. Ada 8. Umeme, maji na nishati ya kupikia 7. Rejesho la mkopo wa zamani wa benki 6. Simu na intaneti 4. Jumla 93. Zile 7 zilizobaki sijui zinaenda wapi, naapa.

Nimejaribu kubana. Nazunguka nyumba nzima nikizima taa, sabuni nimehamia ya bei ya chini, chai tunakunywa bila kitafunio. Mume wangu ameanza kuniita bahili, mwanzoni kwa utani, sasa hivi si utani tena. Juzi mdogo alitaka kuongeza maziwa nikamshika mkono. Akalia. Usiku sikulala vizuri.

Naomba ushauri wa vitu vya kila siku ambavyo vinaleta tofauti kweli. Sina nguvu ya kubana kila kitu.

Kijiko Kimoja

Ukizipata hizo 7 zako, tafadhali angalia na zangu hapo pembeni. Zilitoka pamoja.

Daftari la Nyumba

Dada pole, na hongera kwa kuandika. Ila hesabu yako haikai. Kama kweli mnatumia 93, mwisho wa mwezi mngebaki na 7 mkononi. Ninyi mnakopa. Kuna namba hapo umeikisia, na mimi naitilia shaka hiyo 27 ya chakula.

Ushauri wangu utakushangaza: mwezi wa kwanza usibane chochote. Ishi kama kawaida, ila kila kinachotoka kiandikwe saa ileile kinapotoka, ukiwa bado umesimama pale ulipolipia. Ukisubiri jioni utakumbuka vikubwa tu, na vikubwa unavijua tayari. Daftari la kawaida linatosha. Wajapani wana utaratibu wao wa daftari la matumizi ya nyumbani, wanauita kakeibo. Mwandishi wa habari Hani Motoko aliuchapisha mwaka 1904 na mpaka leo wapo wanaojaza kwa kalamu ingawa simu zao zinaweza kuwafanyia yote. Kalamu inauma kidogo. Ndiyo faida yake.

Na mwandike wote wawili. Daftari la mtu mmoja ni la upelelezi.

Fundi Waya

Mimi niongelee hizo taa, maana nimeona ndoa inaingia matatani kwa sababu ya taa.

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia wa ile globu ya zamani ya wati 60. Iwashe hiyo LED kwa muda wa saa tano kila usiku, siku 30: uniti 1.35. Globu ya zamani kwa muda uleule inakula uniti 9. Kwa hiyo kama una globu za zamani, badilisha, hiyo ni kazi ya siku moja. Kama tayari una LED, mleta uzi, umegombana na mwenzako kwa uniti moja na kidogo kwa kila taa.

Sasa angalia hita ya maji ya kuoga. Tuseme ni ya wati 3,000 na inawaka nusu saa tu kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 45. Umeona? Mlaji wa umeme ni kile kinachotoa joto: hita, pasi, birika, jiko, oveni. Nguo za wiki nzima zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja, usiipashe pasi moto upya kila asubuhi kwa shati moja. Birika lijazwe maji ya vikombe vinavyohitajika. Kuchemsha lita moja kunachukua karibu sehemu ya kumi ya uniti, sasa mtu anachemsha lita mbili, anakunywa kikombe, yanapoa, jioni anayachemsha tena.

Majaribio mawili ya bure. La kwanza: zima na uchomoe kila kitu, halafu tazama mita. Ikiwa bado inahesabu, kuna kitu kinakula ambacho hukijui, au una hitilafu ya kuitia fundi. La pili: fungia karatasi kwenye mlango wa friji halafu uivute. Ikitoka bila kushikiliwa, mpira wa mlango umechoka na friji inapoza jikoni kwenu.

Mama Wawili

Kaka Fundi, nimecheka peke yangu kama mwehu. Taa ni LED zote. Friji ni la zamani, barafu imeganda juu mpaka droo haifunguki.

Fundi Waya

Barafu nene inalifanya lihangaike. Lizime, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani, subiri. Usichokoe kwa kisu! Nimeshazika mafriji mengi yaliyotobolewa kwa kisu.

Jiko Halidanganyi

Chakula ndicho fungu lako la pili kwa ukubwa baada ya kodi, na kodi huwezi kuigusa leo. Kwa hiyo tuingie jikoni.

Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani, siyo hotelini. Niliposoma nikaenda kufungua ndoo yangu ya taka. Mboga zilizonyauka, wali wa juzi, nusu ya kitu nilichokinunua kwa sababu kilipunguzwa bei. Tangu siku hiyo nina sheria moja: siendi kununua kabla sijafungua friji na kabati, na kinachokaribia kuharibika ndicho kinachopikwa leo, hata kama moyo unataka kingine.

Mengine ya haraka. Maharage yalale kwenye maji usiku. Kama una sufuria ya presha itumie, mle ndani maji hufika karibu nyuzi 120 badala ya 100, ndiyo maana kitu cha saa mbili kinaiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria ya kawaida ifunikwe. Pima nafaka kwa kikombe kilekile kila siku, macho yakiwa na njaa hukosea. Kilichobaki kisikae mezani mpaka usiku, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kesho kipashwe mpaka kitoe mvuke ndiyo kiwe chakula cha kazini.

Na nunua kwa jumla, dada. Kwa jumla ni nafuu siku zote.

Tupo Wengi

Hapo kwa "siku zote" napinga. Nilinunua mafuta ya lita tano ili niokoe. Tukakaanga kama watu wenye lita tano. Chombo kikubwa kinamfanya mpishi awe mkarimu. Sasa hivi nahamishia kwenye kichupa kidogo, kubwa linakaa juu ya kabati mbali na mikono.

Halafu gawanya bei kwa uzito kabla ya kushangilia. Nimekuta pakiti kubwa ambayo kwa gramu ilikuwa ghali kuliko ndogo, na pakiti ambayo bei haikupanda ila uzito ulipungua kimya kimya. Kinachoharibika usinunue kwa jumla kabisa. Na asiyekuwa na akiba atanunuaje kwa jumla? Tusimlaumu anayenunua kidogo kidogo, ndicho alicho nacho.

Jiko Halidanganyi

Sawa, nafuta "siku zote". Vikavu tu.

Riba Haina Usingizi

Nimesoma kuanzia juu na sijaona anayeuliza swali hili. Mleta uzi, huo mkopo wa simu wa siku kumi za mwisho ni kiasi gani, na wanakata kiasi gani juu yake?

Mama Wawili

Kwa hesabu ile ya 100, huwa tunachukua 20. Wanarudisha na asilimia 10.

Riba Haina Usingizi

Basi nikuonyeshe kitu. Mshahara unaingia 100. Wanakata 22. Mnabaki na 78. Siku zile za mwisho mnachukua 20 tena. Maana yake mwezi mzima mmetumia 98 kwa maisha, na 2 imekwenda kwa mkopeshaji. Katika zile 7 unazozitafuta, 2 ni hizo, hukuziandika kwa sababu zinakatwa kabla hujaziona. Zimebaki 5.

Lakini la muhimu ni hili. Hamtumii kuliko mnachopata! Daftari la Nyumba aliona mfuko unaovuja, mimi naona shimo. Siku moja huko nyuma kilitokea kitu kikawala 20, mkakopa mara moja, na tangu siku hiyo mnalisukuma shimo lilelile kutoka mwezi huu kwenda unaofuata. Kwa mwaka mnalipa 24 kwa kulisukuma tu. Hiyo ni karibu robo ya mshahara wa mwezi mmoja. Hakuna sabuni ya bei ya chini itakayokurudishia hiyo.

Na ole wenu mwezi mkishindwa kulipa. Asilimia 10 kwa mwezi, ikijilimbikiza, 100 inakuwa 314 hivi ndani ya mwaka.

Usiniambie mtaacha ghafla, mwezi huo mtakula nini? Punguzeni. Mwezi huu 20, ujao 17, kisha 14, 11, 8, 5, 2. Kila unachookoa jikoni na kwenye mita kiende huko kwanza, kabla hata ya kufikiria akiba.

Daftari la Nyumba

Nimekubali. Mimi niliishia kwenye kujumlisha.

Mama Wawili

Nimemsomea mume wangu huu ujumbe akanyamaza muda mrefu. Ni mwaka jana tulipohama nyumba. Gari la mizigo, malipo ya kuanzia, mtoto akaugua wiki ileile. Tulikopa tukasema ni mara moja tu.

Baba wa Jioni

Ngoja na mimi niseme kwa upande wa nyumba, maana nilikuwa bahili mwenye cheti. Nilikuwa nahesabu vipande vya sabuni. Viatu vya kazi nilinunua vya bei ya chini kabisa, vikafa baada ya miezi mitatu, nikarudia, vikafa. Jozi ya tatu ndiyo nikajua ningeshanunua kizuri kimoja. Lakini hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba mke wangu alianza kuficha risiti. Mtoto akipewa pipi na jirani anaila nje ya mlango. Nilikuwa naokoa na kila mtu ananikimbia.

Tulichofanya: kila mtu mzima ana fungu lake dogo la mwezi ambalo haulizwi. Dogo kweli, lakini ni lake, hata akilitupa mtoni. Makelele yalipungua nusu. Na dada yangu, maziwa ya mtoto mwachie. Mlinde hita, siyo kikombe.

Kimya Kimya Pia

Kwenye simu zima video zinazojicheza zenyewe. Na pekua huduma za kila mwezi zinazojikata, mara nyingi kuna moja uliyoijaribu bure ukaisahau.

Mama Wawili

Wakuu, nimerudi. Siku 34 zimepita.

Tuliandika wote. Mwandiko wa mume wangu hausomeki lakini anaandika. Zile 5 zimepatikana: 3 ni vya njiani, maji ya chupa na vitafunio vyangu mimi na vyake yeye, kila mmoja akidhani ni mwenzake. 1 ni makato ya kutuma na kutoa pesa, tulikuwa tunatuma kidogo kidogo mara nyingi badala ya mara moja. 1 ni huduma ya kutazama filamu ambayo hakuna anayeitazama. Nimeifuta hapo hapo.

Mwezi huu tumekopa 16. Najua mlisema 20 kwanza halafu 17, tumejikuta tumepita. Hita tunaiwasha dakika kumi. Kila mmoja ana fungu lake, la kwangu limeishia kwenye vitafunio na sijaulizwa.

Kaka Fundi, karatasi ilichomoka yenyewe kabla hata sijaivuta. Mpira huo unauzwa peke yake au ni mpaka ninunue mlango?

Kijiko Kimoja

Na zangu hukuziona?

Mama Wawili

Angalia kwenye huduma zinazojikata.

Fundi Waya

Unauzwa peke yake. Lakini kabla hujatoa hela, uoshe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hasa ndani ya ile mikunjo, mara nyingine ni uchafu tu. Ukishindikana, piga picha kibandiko chenye namba ya modeli, kiko ukutani ndani ya friji upande mmoja, uende nayo dukani. Usipime kwa kamba, watu wengi wanarudi na mpira mfupi.