Asilimia moja ya faida ya benki kwa jamii: ibaki hiari au iwe sheria?

Mlipakodi wa Ilala
Wakuu, habari za mchana. Benki za NMB na CRDB kila moja imejiwekea sera ya kutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa ajili ya jamii. Tunaona madawati, mabati, vitanda vya hospitali, na siku hizi wafanyakazi wenyewe wanavaa fulana na kwenda kupaka rangi madarasa au kupanda miti. Jambo jema, silipingi. Ninachouliza ni nani anaamua shule ipi ipate. Shule iliyo kando ya lami inapigwa picha kila mwaka, ya ndani huko inasubiri. India walishaweka kwenye Sheria ya Makampuni ya 2013: kampuni kubwa itoe asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Na sisi tuweke sheria, fedha ziingie kwenye mpango wa halmashauri. Tena walimu wakuu wamezoea kupokea tu. Dawati likilegea bolti wanamsubiri mfadhili mwingine.

Karani Mstaafu
Nimekaa benki hadi nimestaafu, kwa hiyo naomba nirekebishe. Meneja wa tawi haamui peke yake. Shule inaandika barua, inapita kwa afisa elimu na ofisi ya mkurugenzi, inafika tawini, inapanda kanda hadi makao makuu. Na shule haipewi fedha taslimu, inapewa vifaa. Kuhusu kupaka rangi, tulikwenda Jumamosi, siku yetu ya mapumziko, na hatukulipwa. Kuna vijana wa kaunta ambao siku hiyo ndiyo waliona kwa mara ya kwanza darasa lisilo na sakafu.
Hoja kubwa mmeiacha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu michango ya hisani na maendeleo ya jamii kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Maana yake katika kila shilingi 100 ya mchango unaokubalika, hazina inakosa 30. Kwa hiyo mlipakodi tayari amechangia dawati hilo, na ana haki ya kuuliza limekwenda wapi.

Mwalimu wa Kata
Hayo ya kodi wenye elimu yake watayajibu. Mimi nimesimama pale kwenye "wamezoea kupokea tu". Ndugu Mlipakodi, umewahi kulikagua hilo dawati? Fremu ni ya chuma cha kuchomelea, mbao zimefungwa kwa bolti, limetengenezwa kwa watoto watatu. Kwangu wanakaa watano. Kufika likizo ya Juni bolti zimekwisha na mbao inacheza. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji inapigiwa hesabu kwa kichwa cha mwanafunzi na kila shilingi ina fungu lake. Nikimwomba mzazi mia tano ya bolti, naitwa kwa mtendaji nieleze kwa nini nachangisha. Basi bolti nanunua mimi. Siku ya makabidhiano watoto wako juani tangu saa mbili, mgeni rasmi anaingia saa tano, na maji ya wageni natafuta mimi huyo huyo mpokeaji. Usitusemee hivyo tena.

Kijana wa Mbagala
Mwalimu, pole, ila tuambiane ukweli. Walimu wangapi kadi zao za benki zimelala kwa wakopeshaji wa mtaani kama dhamana ya mkopo? Mtu ameshindwa kutunza kadi yake ya mshahara, atatunza mali ya shule?

Mama Watatu
We kijana, huyo anayekufundishia wadogo zako ndiye unayemsema hivyo? Muombe radhi. Na nyie mnaobeza hisani ya benki, mbio za CRDB zilipoanza 2020 fedha zilikwenda kulipia upasuaji wa moyo wa watoto pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Muulizeni mama aliyekuwa amekaa na mtoto wake akisubiri zamu kama hiyo fedha ni matangazo.

Mwalimu wa Kata
Asante, dada yangu. Kijana, umegusa pabaya, sasa nisikilize. Mwalimu hafiki kwa kausha damu, hao wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, kwa sababu ya ulevi. Anaanzia benki. Anakopa ajenge, mtoto anafaulu kidato cha tano, anaongeza mkopo juu ya mkopo, makato yanafika pale sheria inapotaka ibaki theluthi moja tu ya mshahara. Theluthi hiyo haifiki tarehe 15. Ndipo anapoacha kadi. Basi, hiyo faida inayotolewa asilimia moja imetoka wapi? Sehemu yake ni makato yetu. Dawati hilo nimelilipia kwenye riba, halafu nipige makofi.

Mwana Geita
Msidhani sheria ndiyo dawa. Sheria ya Madini, kifungu cha 105 baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni ya madini aandae mpango wa kila mwaka wa kuchangia jamii na akubaliane na halmashauri. Huku kwetu mabishano yamehamia kwenye vikao: mradi gani, bei ya nani, nani kandarasi. Mwananchi bado anasomewa tu.

Jirani wa Nairobi
Huku Kenya benki ya Equity walianza mpango wa ufadhili wa masomo wa Wings to Fly mwaka wa 2010 pamoja na Mastercard Foundation. Mtoto mwerevu kutoka familia isiyojiweza analipiwa sekondari yote, na anayetaka msaada anatuma maombi na kuhojiwa na kamati za huko mashinani. Afadhali watoto wachache uwafikishe mwisho kuliko rangi ya ukuta.

Karani Mstaafu
Mwalimu, heshima yako, lakini usiseme kana kwamba sisi tulikaa tukipanga kuwanyonya. Nilikuwa nawaeleza wateja kwa kalamu. Chukua mfano wa mkopo wa 10,000,000 kwa riba ya asilimia 17, miezi 72. Makato ni kama 222,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza unalipa karibu 2,670,000, lakini deni lenyewe linapungua kwa milioni moja na kidogo. Kilichobaki ni riba. Ukija kuongeza mkopo baada ya mwaka, unaanza upya ile sehemu yenye riba nzito. Niliwaambia wengi wasubiri. Waliondoka wamenuna.

Mwalimu wa Kata
Uliwaambia wewe. Kwangu nilipewa fomu nisaini kila ukurasa na foleni ilikuwa nyuma yangu. Jedwali la marejesho nililiona baada ya kuliomba.

Mlipakodi wa Ilala
Tumetoka kwenye madawati, lakini hapa ndipo penye nyama. Serikali ina karibu theluthi ya hisa NMB na inapokea gawio kila mwaka. Kwa nini isitake sehemu ya hiyo asilimia moja iende kwenye kuwafundisha watumishi mikopo kabla hawajasaini? Wale wa fulana waje Jumamosi shuleni, wakae na walimu na jedwali mezani.

Kijana wa Mbagala
Mwalimu, mimi nilimaanisha wakopeshaji, sio wewe. Mama yangu naye kadi yake iko huko.

Mwalimu wa Kata
Aifuatilie mwanangu, asiogope. Karani, nakuuliza: mtu akimaliza deni benki, lakini makato yanaendelea mwezi unaofuata, anaanzia wapi?

Karani Mstaafu
Aanze kwa barua tawini, abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Aombe barua ya kumaliza deni, aipeleke pia kwa mwajiri wake ili makato yasimamishwe kwenye mshahara. Tawi likikaa kimya, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu, kuna kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Asiende kwa maneno matupu, aende na hati ya mshahara ya mwezi uliokatwa.