Trimu ya usukani wa simuleta: nikiachia mkono, unarudi katikati

Rubani_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina miezi minne najenga usukani wa ndege hapa nyumbani: bomba la inchi moja, reli mbili za droo, springi mbili za stendi ya pikipiki, potenshiometa moja (kipande kinachopima usukani umevutwa kiasi gani) ya eleveta, yaani kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, na Arduino Leonardo, bodi ndogo ya elektroniki ambayo kompyuta inaiona kama jostiki. Narusha Cessna 172 kwenye simuleta ya X-Plane, na kila Jumamosi natoka Dar kwenda Zanzibar.

Shida ni trimu, ile ya kuondoa uzito wa usukani mkononi. Napanda kwa spidi ya noti 74 (maili za baharini kwa saa), nimevuta usukani, mkono unachoka, nazungusha gurudumu la trimu. Kwenye 172 halisi niliwahi kukaa kiti cha kulia: uzito uliisha mkononi polepole na usukani ukabaki palepale ulipokuwa. Kwangu inabidi niurudishe katikati kidogo kidogo huku nikitrimu, la sivyo pua inapaa. Nimelegeza springi, ukakosa nguvu kabisa, na shida ikabaki ileile. Kuna aliyelitatua hili? Nataka mkono wangu ujifunze kitu cha kweli, maana nakusanya ada ya mafunzo.

Mwanaanga_Wilson

Hongera kwa kazi, kaka. Nilijifunzia 172 hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na ulichokisikia kiti cha kulia ndicho chenyewe. Ukizungusha gurudumu kuinua pua, kile kibao kidogo kwenye eleveta ya kulia kinashuka, upepo unaisukuma eleveta yote juu, na kwa kuwa eleveta na usukani vimeungwa kwa kebo, usukani unakufuata nyuma. Kwa hiyo trimu inahamisha mahali usukani unapopumzika. Springi zako zina mahali pamoja tu pa kupumzika, umezifunga kwenye fremu. Hamisha hapo zilipofungwa.

Na usiishie kwenye kupanda. Jaribu kughairi kutua: umetrimu kwa noti 65, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) chini, halafu unasukuma nguvu yote ya injini. Pua inainuka kwa nguvu, na lazima uukandamize usukani mbele kwa mkono mpaka umalize kutrimu. Mwalimu wangu alinirudisha kwenye zoezi hilo mara nyingi kuliko jingine lolote. Usukani wa nyumbani usiokupa msukumo huo unakuzoesha vibaya.

Fundi_Waya_Mwanza

Mimi nimeshafanya hivyo. Springi nimezifunga kwenye kitoroli kinachotembea juu ya skrubu ya T8, ile ya printa za 3D, inazungushwa na mota ya stepa (inayozunguka hatua kwa hatua) ya NEMA 17. Angalia sana skrubu unayonunua. Kuna inayosogea milimita 8 kwa mzunguko na kuna ya milimita 2. Nilianza na ya 8. Nikizima umeme, springi zinakisukuma kitoroli chenyewe. Ya 2 inakaa. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, kwa hiyo milimita moja ni hatua 100. Weka swichi ya ukomo upande mmoja, kwa sababu stepa ikiwashwa haijui iko wapi.

Jambo la pili, na hapa nilipoteza wiki mbili: kitoroli kikisogea, potenshiometa nayo inasoma. Ukituma na trimu kwenye X-Plane, umetrimu mara mbili. Iondoe trimu kwenye mipangilio, iache katikati, springi zifanye kazi yote. Ila kama unatumia otopailoti, ule mfumo unaorusha ndege wenyewe, yeye anaitaka trimu yake. Hapo soma namba ya trimu ya X-Plane, sim/cockpit2/controls/elevator_trim, kwa UDP (njia ya kutuma data kwenye mtandao), kitoroli kiifuate, halafu Arduino itoe umbali wa kitoroli kwenye kipimo cha usukani kabla ya kutuma. Uwiano utaupata kwa kujaribu.

Rubani_Tabata

Asanteni sana, wakuu. Nimemaliza Jumapili, bila mota. Otopailoti situmii, kwa hiyo trimu ya X-Plane nimeiondoa. Skrubu ni ya milimita 2, na gurudumu la trimu linaizungusha kwa cheni ya baiskeli: meno 48 mbele, 16 nyuma, yaani mzunguko mmoja wa gurudumu unasogeza kitoroli milimita 6. Friwili ilinisumbua, ikishika upande mmoja tu na kuteleza upande wa pili. Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea akaigandisha.

Jana nimepanda kutoka Dar, noti 74, nikazungusha mpaka mkono ukawa mwepesi, nikaachia. Usukani ulibaki nyuma karibu sentimita mbili, na spidi ikabaki 74. Nilikaa nikiuangalia mpaka pwani ikaisha chini ya bawa. Zanzibar nikaghairi kutua mara tano. Mara ya kwanza pua ilinizidi nguvu. Ya tano niliishika.

Fundi, hiyo programu yako ya UDP unaweza kuiweka hapa? Mota nitanunua mwezi ujao.