Mzee kaambiwa ana mesothelioma, daktari kasema mwaka au mwaka na nusu. Kuna aliyewahi kuuguza huu ugonjwa?

MtotoWaChumbageni

Wakuu habari za saa hizi. Naandika saa nane usiku niko kwenye benchi nje ya wodi, mnisamehe uandishi.

Mzee wangu ana miaka 74. Ujana wake wote alikuwa baharia, chini kabisa injini rumu, meli za Wagiriki, kuanzia miaka ya 70 mpaka katikati ya 80 akaacha akarudi Tanga akafungua duka. Mwaka jana akaanza kubanwa pumzi, anapanda ngazi tatu anakaa, ubavu wa kulia unamuuma, tukampeleka hospitali moja wakapiga eksirei wakaona maji wakayatoa wakasema TB, kameza dawa za TB miezi sita mizima na makohozi hayajaonyesha kitu hata siku moja na maji yanarudi tu. Tukamleta Dar, wamekata kinyama, majibu yametoka juzi: mesothelioma. Hilo neno mimi nilikuwa sijawahi kulisikia maishani.

Daktari mstaarabu, alinitoa koridoni akaniambia kwa kawaida ni mwaka, ikienda sana mwaka na nusu. Sasa nauliza kwa aliyepitia, kweli ndio hivyo tu? Hiyo kemo inasaidia au tunamtesa mzee wa watu? Halafu mama hataki kabisa aambiwe, anasema akisikia kansa atakata tamaa, na shangazi kila akija anamsema kwa sigara alizovuta zamani mpaka mzee anageukia ukutani. Nimechoka wakuu.

Tabibu Asilia 77

Pole sana mkuu. Hizo dawa za hospitali zinamaliza tu kinga ya mwili. Njoo inboksi nikupe namba, kuna mchanganyiko wa mizizi saba umeponya wengi, siku 40 tu.

SistaZamuYaUsiku

Pole mdogo wangu. Jamaa wa mizizi saba muache hapo hapo alipo. Steve McQueen yule mcheza sinema alikuwa na ugonjwa huu huu na pesa zake zote, madaktari Marekani wakamwambia ukweli, yeye akakimbilia Mexico kwenye tiba za pembeni, akafa hukohuko Novemba 1980.

Mimi nesi, nimekaa na wagonjwa wa saratani miaka 11. Kwanza jueni hii sio saratani ya mapafu ingawa hata kwenye karatasi za rufaa utakuta imeandikwa hivyo. Ni ya ule utando unaofunika mapafu, ndio maana maji yanajaa pale katikati. Ipo ya tumboni pia na ile haiendi kama hii. Na kuchanganywa na TB usishangae, huku kwetu ukiona maji kifuani unawaza TB kwanza na mara nyingi kweli ndiyo, shida ni pale dawa zinapoisha maji bado yapo na hakuna anayesema hebu tukate kinyama.

Shangazi mwambie apumzike, sigara haileti mesothelioma. Inayoleta kwa sehemu kubwa ni vumbi la asbesto, na meli za zamani mabomba ya mvuke na maboila yote yalikuwa yamevikwa hiyo kitu. Linakaa mwilini miaka 20, 40, hata 50 kimya ndio linaamka. Mzee hakujitakia.

Sasa namba ya daktari. Akisema mwaka na nusu hajasema mzee atakufa mwezi wa 18, anakupa ile ya katikati, kwamba nusu ya wagonjwa hawakufika hapo na nusu walipavuka, na kati ya waliovuka wapo waliokwenda mbali sana. Wanaofika miaka mitano ni kama mmoja katika kumi, sikufichi, wachache. Chukua yale majibu ya kinyama usome neno linalotaja aina yake. Ikiwa imeandikwa epithelioidi hiyo ndio yenye nafuu. Sarkomatoidi ndio kali. Kuna na yenye mchanganyiko.

Kemo ya siku zote ni sisplatini na pemetreksedi, dripu kila wiki tatu, mizunguko minne mpaka sita. Utafiti uliotoka 2003 ulionyesha waliopewa sisplatini peke yake walikwenda kama miezi 9 na waliopewa zote mbili 12. Utasema miezi mitatu tu, lakini wengi pia kifua kinafunguka, analala chali, anakula. Figo zikiwa sio nzuri wanambadilishia kaboplatini. Na HAKIKISHA kabla ya pemetreksedi ameanza vidonge vya foliki asidi na amechomwa sindano ya B12, kama wiki moja kabla. Bila hizo damu inashuka vibaya. Ukiona wanataka kutundika dripu na hizo hajapata, uliza, usione aibu.

Kuhusu maji, ukweli ndiyo yatakayomsumbua kuliko hata uvimbe wenyewe. Msikubali kila baada ya wiki mbili anatobolewa upya. Uliza kama wanaweza kumwekea poda ya talki hizo tando zigandane, au kumwachia mrija mwembamba mnaoufungulia nyumbani wenyewe, ukifundishwa unaweza, mimi nimefundisha mpaka wajukuu.

Maumivu yakizidi muombeni mofini ya maji, ile ya kunywa. Watu wanaiogopa wanadhani ukipewa mofini ndio unaagwa. Sio kweli. Ila siku anayoanza mofini siku hiyohiyo aanze na dawa ya kulainisha choo, hili linasahaulika sana, unakuta mzee analia na choo kuliko kansa.

ShemejiWaClydebank

Pole mkuu, mimi niko Skotilandi, baba mkwe wangu alikuwa fundi boila huku Clydebank kwenye meli, huu mji huu ugonjwa wanaujua kama sisi tunavyojua malaria. Yeye walimpa zile dawa za kuamsha kinga, nivolumabu na ipilimumabu, hakupigwa kemo kabisa. Alikwenda miaka miwili na nusu na karibu miwili yote alikuwa anajiendesha mwenyewe gari mpaka dukani. Marekani waliziruhusu 2020 baada ya majaribio ambayo wa dawa hizo katikati yao ilikuwa miezi 18 na wa kemo 14, na baada ya miaka mitatu walikuwa hai 23 katika kila 100 dhidi ya 15. Ambao zinawabeba zaidi ni wale wa aina kali, kwa epithelioidi tofauti na kemo ni ndogo, kwa hiyo usijisikie vibaya kama hamuwezi bei maana bei yake ukiisikia unakaa chini.

Kingine mkuu, atatokea mtu awaambie mpelekeni India akafunguliwe wambandue utando wote. Hapa Uingereza walifanya majaribio, majibu yametoka 2024, nusu walipewa kemo na upasuaji na nusu kemo tu. Waliopasuliwa katikati yao ilikuwa miezi 19, ambao hawakuguswa na kisu karibu 25. Yaani waliopasuliwa ndio walioondoka mapema. Msiuze kiwanja kwa ajili hiyo. Ya tumboni ndio tofauti, kule wanapasua na kuosha kwa kemo ya moto na watu wanaishi miaka.

Halafu tafuteni kile kitabu chake cha ubaharia chenye mihuri ya kupanda na kushuka meli. Huku fidia ipo na mtu hupewa kwa ushahidi wa kazi. Kwa meli za Wagiriki za miaka hiyo sikuahidi chochote, makampuni mengi yalishakufa, lakini bila hicho kitabu hakuna hata pa kuanzia.

BiMkubwaRaskazone

Mwanangu mimi sijui dawa ila hilo la kumficha nalijua. Kaka yangu tulimficha (yeye ilikuwa ini) tukawa tunacheka cheka mbele yake tunalia jikoni. Kumbe alijua mwezi wa kwanza tu, naye anatuficha sisi kwamba anajua. Akafa na madeni ya watu kichwani, mpaka leo kuna shamba Pangani hatujui alimuuzia nani nusu. Mwambieni. Mtu aliyekaa injini rumu na mawimbi ya Biskei hauliwi na neno.

kijana_wa_maabara

Kuongezea kwa Sista kwenye hizo namba, kuna mwanasayansi wa Harvard, Stephen Jay Gould, 1982 aliambiwa ana hii ya tumboni, akaenda maktaba akakuta wagonjwa nusu wanafariki ndani ya miezi minane. Akaishi miaka 20, akafa 2002 kwa saratani nyingine kabisa. Simaanishi mzee atakuwa yeye, wengi hawawi. Ila huo mkia mrefu wa wachache wanaoishi sana upo.

MtotoWaChumbageni

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita. Mungu awalipe.

Imeandikwa epithelioidi, nimeisoma mara tatu. Foliki asidi ameanza, sindano ya B12 amechomwa jana, kemo Jumatano ijayo. Mrija wamesema watamwekea kabla hajatoka. Za kuamsha kinga niliuliza bei, nikakaa chini kweli.

Tumemwambia. Mama alitoka nje, nikabaki mimi na kaka. Mzee akanyamaza kidogo akauliza imetokana na nini, nikamweleza ile asbesto ya kwenye mabomba. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema walikuwa wanaibandua kwa mikono wakiziba mvuke unaovuja halafu zikibaki wanatupiana kama watoto, nyeupe, laini, wakawa wanafanana na watu waliomwagiwa unga, na chifu injinia anawafokea wanachafua sakafu.

Swali la mwisho kwa Sista, nyumba ya babu paa lake ni lile la asbesto la zamani, tulilibandue?

SistaZamuYaUsiku

Likiwa zima na halijapasuka liacheni lilivyo kwa sasa. Hatari ni vumbi. Msilikate kwa msumeno, msilipige brashi, watoto wasipande juu. Siku ya kulitoa muite wanaojua kazi hiyo, linaloweshwa maji kwanza na linashushwa zima zima, sio kutupwa chini. Jumatano usisahau kumbebea sweta, ile chumba ina baridi.

MtotoWaChumbageni

Sawa dada, asante. Sweta analo, kaka anakuja nalo kutoka Tanga pamoja na lile sanduku la bati la chini ya kitanda. Mzee anasema kitabu cha ubaharia kimo humo, na kuna picha ya wenzake wanane wa zamu, anataka kuhesabu nani bado yupo.